Maswali ya Wasomaji: Klachi ya Kompresa Inaungua, Waya Wake Upite Wapi?

SWALI

Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Nina pikapu ya Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, ambayo ilitoka kiwandani bila kiyoyozi. Mwaka jana niliagiza seti nzima kutoka Dubai: kompresa ya muundo wa Sanden yenye klachi ya volti 12, kondensa (kipoza gesi) na feni yake, evaporeta (kipoza hewa ya ndani) ya kufunga chini ya dashibodi, mipira na swichi. Fundi aliyeifunga alivuta waya mmoja kutoka kwenye soketi ya kuwashia sigara, akaupitisha kwenye swichi ya dashibodi, na kutoka hapo akaugawa mara mbili: tawi moja likaenda kwenye klachi na jingine kwenye feni ya kondensa. Kilipoza vizuri kwa wiki kadhaa, kisha swichi ikayeyuka, tukaweka nyingine. Baadaye klachi ikaanza kusaga wakati wa jua la mchana, ikatoa harufu ya kuungua na koili yake, ule waya uliozungushwa ndani, ikafa. Koili ya pili nayo imedumu miezi mitatu tu. Fundi mwingine alipima kwenye plagi ya klachi huku injini ikiunguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, akapata volti 10.6, ilhali kwenye betri alipata 13.9. Ananiambia kuwa seti ni ya bandia. Je, ni kweli? Na nyaya za klachi zinapaswa kufungwa vipi? Isitoshe, gari likiwa limesimama nikawasha kiyoyozi, injini hutetemeka na kutaka kuzima.

Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu yangu wa Tanga, kabla hujaihukumu seti, zitazame tena namba mbili alizokupa fundi wako wa pili. Betri ina volti 13.9 na klachi inapata 10.6, maana yake volti 3.3 zimeliwa njiani, na walaji ni waya na swichi, wala si kompresa. Seti hiyo inaweza kuwa halisi au ya kuiga, mimi sijaiona. Lakini hata kompresa iliyotoka kiwandani jana ingeungua kwa umeme wa namna hiyo.

Klachi ni sumaku ya umeme. Mkanda huizungusha puli muda wote injini inapounguruma, huku mhimili wa kompresa ukiwa umetulia. Umeme ukiingia kwenye koili, sumaku huivuta sahani ya chuma iliyo mbele ya puli, vikashikamana kwa mlio mfupi wa "tak", na hapo ndipo kompresa inapoanza kusukuma gesi. Koili ya volti 12 kwa kawaida ina ukinzani wa omu 3 hadi 4. Tukichukua omu 3.6 na umeme wa volti 13.8, koili itakula ampea 3.8, ambazo ni kama wati 53, kiasi kinachokaribiana na cha taa moja ya mbele ya gari. Mzigo wenyewe si wa kutisha.

Shida ni kwamba nguvu ya sumaku haishuki sambamba na umeme, bali hushuka kwa kasi zaidi: mkondo ukipungua kwa robo, nguvu ya kuvuta hubaki zaidi kidogo ya nusu. Isitoshe, shaba ikipata joto huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo koili iliyokuwa na omu 3.6 asubuhi hufikia omu 4.7 hivi ikifika nyuzi 100 katika joto la injini. Watengenezaji wanalijua hilo na hulipigia hesabu, lakini hesabu yao ni ya umeme kamili. Kwako wewe, koili yenye joto na volti 10.6 hupata ampea 2.2 tu. Sahani inavutwa kwa uvivu, kompresa inapodai nguvu wakati wa jua kali sahani inateleza juu ya puli, msuguano unazaa joto jingine, joto linaongeza ukinzani, na mzunguko huo hauna wa kuukatisha mpaka grisi ya beringi iyeyuke au koili ikatike. Koili nyingi huwa na fyuzi ndogo ya joto ndani yake ambayo ikishakatika hairudi, na ndiyo maana ukiipima koili iliyokufa unaweza kukuta haipitishi umeme kabisa ingawa kwa macho haijaungua. Kule kusaga ulikokusikia mchana kulikuwa ni sahani inayoteleza.

Sasa volti 3.3 zilipotelea wapi? Nadhani waya uliotumika ni ule mwembamba wa redio, wa milimita 0.5 za mraba. Mita 5 za waya huo zina ukinzani wa omu 0.175. Feni ya kondensa hula ampea kama 9, klachi inakaribia 4, jumla 13. Waya peke yake unakula volti 2.3. Iliyobaki, volti moja, inaliwa na soketi pamoja na ncha za ndani za swichi, na volti moja ikizidishwa kwa ampea 13 ni wati 13 za joto, sehemu kubwa ikiwa ndani ya kitu cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ndicho kilichoyeyusha swichi yako. Fundi alipoweka swichi mpya alibadilisha kilichoungua akaacha kilichokiunguza.

Swichi ya dashibodi haipaswi kuubeba umeme wa klachi wala wa feni. Kazi yake ni kutoa amri tu kwa rilei, yaani swichi inayofungwa na umeme mdogo, na rilei ndiyo ibebe mzigo. Chukua rilei ya miguu minne yenye uwezo wa ampea 30. Mguu wa 30 upate waya wa moto moja kwa moja kutoka betri, ukipitia fyuzi ya ampea 15 iliyofungwa karibu kabisa na betri, si karibu na rilei, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa bodi kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka. Mguu wa 87 uende kwenye klachi. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili ndogo ya rilei yenyewe: mmoja uende ethi, yaani chuma cha gari kilichoungwa na hasi ya betri, mwingine upokee amri. Rilei nyingi za Kijapani zimeandikwa 1, 2, 3 na 5 badala ya namba hizo. Humo 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ndizo za kubeba mzigo. Ukipewa dukani rilei ya miguu mitano usiikatae, lakini mguu wa 87a uache wazi na uufunike, kwa kuwa huo hupata umeme wakati rilei imelala. Niliwahi kuletewa gari ambalo kiyoyozi kilifanya kazi swichi ikizimwa na kukatika ikiwashwa. Mwenyewe alikuwa amekwisha zoea.

Kwa mzigo huo tumia waya wa milimita 2.5 za mraba. Njia ya amri inatosha kuwa na waya wa milimita 0.75 au 1, maana koili ya rilei haili hata robo ya ampea. Feni ya kondensa ipewe rilei yake na fyuzi yake, na amri yake unaweza kuichukua kutoka mahali palepale inapotoka amri ya klachi.

Barua yako haitaji swichi ya presha popote, na hilo limenitia wasiwasi kuliko ile swichi iliyoyeyuka. Njia ya amri ya kuelekea rilei haitakiwi kuwa waya mtupu unaotoka kwenye kitufe; inatakiwa ipite kwa walinzi kadhaa waliopangwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na haki ya kukataa. Amri ianzie kwenye umeme unaopatikana ufunguo ukiwa umewashwa, ipite fyuzi ndogo ya ampea 5, kisha swichi ya feni ya ndani, kisha kitufe cha kiyoyozi, kisha thamostati ya evaporeta, kisha swichi ya presha, ndipo ifike kwenye rilei.

Feni ya ndani imo kwa sababu evaporeta isiyopulizwa hewa huganda barafu katika muda mfupi. Tafuta kwenye swichi yake mguu unaopata umeme kamili katika kila kasi, si ule unaotoka baada ya rezista, ambao kwa kasi ndogo hautakuwa na nguvu ya kuivuta rilei. Thamostati, kwa ule mrija wake mwembamba unaochomekwa kati ya mapezi ya evaporeta, hukata evaporeta inapokaribia nyuzi sifuri na kuunga tena inapopata joto kidogo. Usiuache mrija huo unaning'inia nyuma ya dashibodi kama nilivyokuta mara nyingi. Hapo unapima joto la hewa ya hapo tu, na barafu inajijengea kwa raha zake.

Swichi ya presha ndiyo bima ya kompresa. Hufungwa kwenye bomba la presha kubwa au juu ya ile chupa ambayo mafundi huiita draya. Ile ya kawaida hukata presha ikishuka chini ya psi 30 hivi, na hukata tena ikipanda kupita kiasi, mara nyingi kati ya psi 385 na 455 kutegemea aina. Upande wa juu unalinda mipira isipasuke feni ya kondensa inapokufa. Upande wa chini unalinda kitu ambacho wengi hawakijui: mafuta ya kulainisha kompresa husafirishwa na gesi yenyewe, hivyo gesi ikivuja mafuta hayarudi, na kompresa inayoendelea kuzungushwa bila mafuta hujisaga mpaka ikwame. Mfumo wenye gesi ya R-134a uliotulia katika joto la nyuzi 30 huonyesha karibu psi 95, kwa hiyo swichi hiyo haitakusumbua asubuhi ukiwasha. Ikikataa, ina sababu. Mtindo wa mafundi wetu wa "kupiga dairekti", yaani kuziunganisha nyaya mbili za swichi ya presha ili klachi ishike, unakubalika kwa sekunde mbili za kusikiliza "tak", basi. Gari likitoka gereji na kiraka hicho, mwenye gari amenunua kompresa nyingine bila kujua. Angalia draya yako: kama ina tundu lenye kifuniko cha plastiki juu yake, huenda swichi ilikuja ndani ya seti na bado imo kwenye boksi.

Jambo jingine linalosahauliwa ni dayodi, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili ikikatiwa umeme ghafla, sumaku inayoporomoka huzalisha mshtuko wa volti za kurudi nyuma ambao waweza kufikia mamia, na mshtuko huo hula ncha za rilei kila kiyoyozi kinapojizima, jambo ambalo kwa siku hutokea mara nyingi sana. Dayodi ya 1N4007 au 1N5408 ifungwe sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea waya wa moto na upande mwingine ethi. Ukiigeuza, fyuzi itakatika mara ya kwanza utakapowasha. Koili nyingine zina dayodi ndani tayari. Hizo huja na nyaya mbili, na ukizibadilisha nafasi utapata matokeo hayohayo ya fyuzi.

Kama koili yako ina waya mmoja, ethi yake ni mwili wa kompresa, na mwili wa kompresa umekaa juu ya bamba lililopakwa rangi nzito. Rangi haipitishi umeme. Usitegemee boliti, vuta waya wa ethi kutoka kwenye mwili wa kompresa hadi kwenye chuma cha injini kilichokwanguliwa mpaka king'ae, ufunge, upake grisi.

Usinunue koili ya tatu peke yake. Puli na sahani zilizosagana kwa miezi zimekwisha kupata mikwaruzo na rangi ya bluu ya chuma kilichochomwa, na uso wa namna hiyo haushiki hata ukipewa umeme kamili. Nunua klachi nzima. Ukishaifunga, pima uwazi kati ya sahani na puli kwa vile vibamba vya kupimia: kwa kompresa za Sanden za kawaida uwe kati ya milimita 0.4 na 0.8, sawa pande zote, pima sehemu tatu. Ukizidi, punguza washa nyembamba iliyo nyuma ya sahani, ukipungua, ongeza.

Kuhusu injini kutaka kuzima: 1HZ hupata dizeli kwa pampu ya kimakanika, haina kompyuta ya kutambua kwamba kompresa imeingia na kuiongezea mafuta. Magari ya aina hiyo yaliyotoka na kiyoyozi kiwandani huwa na kifaa kidogo cha vakyumu (mvuto wa hewa) kinachovuta mkono wa pampu kidogo, kikifunguliwa na vali ya umeme. Tafuta kifaa hicho na vali yake, vakyumu uichukue kwenye pampu ya vakyumu ya injini, na waya wa vali uuunge pamoja na waya wa klachi unaotoka mguu wa 87, ili vyote viwili viingie na kutoka kwa pamoja. Mzunguko wa injini uongezeke kwa kiasi cha mizunguko 150 hadi 250 kwa dakika tu. Usipandishe mzunguko wa kudumu kwa kukaza skrubu ya pampu; utakula dizeli hata siku ya mvua.

Kabla ya kuchomeka plagi ya klachi, weka taa ya testa mahali pake. Iwake tu wakati ufunguo, feni na kitufe vyote vimewashwa. Uchomoe plagi ya swichi ya presha, izime. Ukiridhika, unga klachi, washa injini, na upime volti kwenye plagi huku kila kitu kikifanya kazi, taa za mbele zikiwemo. Tofauti na betri isizidi nusu volti. Kipimo hicho kifanyike klachi ikiwa imeungwa, kwa sababu waya mbovu usio na mzigo huonyesha volti 13.9 bila aibu.

SWALI

Bwana Mhariri, mimi ni dereva wa basi dogo hapa Mombasa, gari ni la volti 24. Klachi imekufa na nimepata nyingine ya volti 12 kwa bei nafuu. Fundi anasema tuchukue umeme wa betri moja tu kati ya zile mbili. Je, ni sawa?

JIBU

La, bwana, si sawa. Betri mbili zilizofungwa mfululizo huchajiwa kama kitu kimoja. Ukinyonya mmoja na kumwacha mwenzake, aliyenyonywa hubaki na njaa na mwenziwe hujazwa kupita kiasi, na ndani ya miezi michache utanunua zote mbili. Kuiunga klachi hiyo kwenye volti 24 ni kubaya zaidi, kwa sababu umeme ukiongezeka maradufu mkondo nao huongezeka maradufu, na joto huongezeka mara nne: koili ya wati 50 italazimika kutoa wati 200, na haitamaliza safari ya kwenda Malindi. Nunua koili ya volti 24. Ukiipima, ukinzani wake huwa karibu mara nne ya ule wa volti 12, kwa hiyo muuzaji hawezi kukuchanganya. Rilei nayo iwe ya volti 24.

Niongeze neno moja kwa wenye Land Cruiser: kuona betri mbili chini ya boneti hakutoshi kusema gari ni la volti 24. Baadhi zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, na gari hubaki la volti 12. Fuata nyaya kwa mkono au upime.

SWALI

Assalaam aleikum. Nipo Muscat, nina gari dogo la Kijapani la miaka ya karibuni. Kiyoyozi hakipozi na kompresa haitoi ule mlio wa kushika. Nimeona plagi yenye nyaya mbili juu yake, na rafiki yangu ananishauri niipe volti 12 moja kwa moja nione kama itashika. Nifanye?

JIBU

Waaleikum salaam. Usifanye. Kompresa nyingi za magari mapya hazina klachi ya sumaku hata kidogo. Puli na mhimili huzunguka pamoja muda wote, na kinachoamua kiasi cha gesi inayosukumwa ni vali ndogo iliyo ndani, inayoendeshwa na kompyuta ya gari kwa umeme unaokatwa-katwa haraka. Plagi uliyoiona huenda ni ya vali hiyo. Ukiipa volti 12 za mfululizo unaiamuru kompresa isukume kwa nguvu zake zote bila kusikiliza presha wala joto, na katika joto la Muscat la mwezi Juni presha itapanda upesi.

Tazama kwanza uso wa mbele wa puli injini ikiwa imezimwa. Ukiona sahani iliyotengana na puli kwa uwazi mwembamba, hiyo ni klachi, na utafute rilei yake kwenye boksi la fyuzi. Usipoona uwazi wowote, gari lako halina klachi ya kushika, na ukimya uliousikia si dalili ya ubovu. Mwambie fundi aanze kwa kupima presha ya gesi pande zote mbili, kisha asome kwa mashine ya uchunguzi thamani inayotolewa na kihisi cha presha. Gesi ikiwa pungufu, kompyuta yenyewe ndiyo iliyoifunga vali, na kitakachotafutwa ni mahali inapovujia.